Mkokoteni bora huanzia kwenye ekseli

Mahindi ya Mautuma hukomaa karibu kwa pamoja, na yote hutaka kutoka shambani kwa pamoja. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, kila boma katika wadi hii ya eneobunge la Lugari, Kaunti ya Kakamega, huwa na kazi ile ile: kukata, kurundika, kumenya, kupukuchua, kuanika, kisha kufikisha magunia mahali ambapo lori linaweza kuyachukua. Lori halifiki kila shamba. Vijia ni vyembamba, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo hugeuka tope linalonasa hata pikipiki. Hapo ndipo mkulima huhisi gharama ya kukosa magurudumu yake mwenyewe.

Asiye na chombo cha kubebea ana njia tatu. Anaweza kuwatwika mzigo watu wa nyumbani, na mara nyingi wanaotwikwa ni akina mama na watoto. Anaweza kukodi bodaboda, gunia kwa gunia, na kila safari ikala sehemu ya faida. Au anaweza kuuza pale pale langoni kwa dalali aliyekuja na mizani yake na bei yake. Gunia la mahindi ni kilo 90. Mwenye magunia ishirini ana karibu tani mbili za mzigo, na kama hawezi kuziondoa mwenyewe, hana sauti ya kutosha kwenye mazungumzo ya bei. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, hutaka mahindi yaliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5, lakini mahindi makavu yaliyokwama ghalani hayamsaidii mtu anayedaiwa karo.

Ndiyo maana nasema mkokoteni mdogo wa magurudumu mawili, unaovutwa na punda au maksai, ni miongoni mwa vifaa vyenye maana kubwa kuliko vyote ambavyo familia ya mkulima mdogo inaweza kununua. Na kwa kuwa hauuzwi dukani ukiwa na maagizo ya mtengenezaji wala dhamana, anayeununua anapaswa kujua anachokitafuta. Mkokoteni mbovu humla mnyama, humla mwenyewe, na huishia nyuma ya nyumba ukiota kutu.

Ardhi iligawanywa, usafiri ukabaki

Eneo hili lina historia ndefu ya magurudumu. Mnamo 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda kutoka Nakuru hadi uwanda wa Uasin Gishu kwa magari makubwa yaliyovutwa na ng'ombe. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, kisha ikateremka kupitia Turbo na Lugari kuelekea Uganda. Mashamba makubwa ya walowezi yalipangwa kwa hesabu hiyo. Mwenye shamba alikuwa na maksai wengi, baadaye trekta na trela, na mzigo wake ulikwenda stesheni kwa wingi.

Kisha ukaja Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962. Serikali ilinunua mashamba ya Wazungu kwa fedha za mikopo na kuyagawa kwa Waafrika. Familia zipatazo 35,000 zilipata makazi kote nchini, na Mautuma ni miongoni mwa sehemu zilizozaliwa kutokana na ugawaji huo. Wengi walikuja kutoka maeneo ya Waluhya yaliyosongamana watu, na wakapata hapa udongo wa kulima na kufugia.

Shamba moja likawa mashamba mengi, na wazee walipogawia watoto wao urithi, vipande vikazidi kupungua. Lakini trekta na trela havikugawanyika pamoja na ardhi. Barabara kuu na reli zilibaki pale pale, zikingoja mzigo mkubwa kutoka kwa mtu mmoja, wakati sasa kuna mizigo midogo kutoka kwa watu wengi. Pengo hilo kati ya ghala la mkulima na barabara ndilo mkokoteni unaloliziba.

Pikipiki ilipunguza pengo hilo. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi ujazo wa sisi 250 mwaka 2008, bodaboda zilifurika kila kituo cha biashara, na kwa kumpeleka mgonjwa hospitalini au mtungi wa maziwa kwa mnunuzi hazina mpinzani. Kwa magunia ishirini, hata hivyo, ni safari nyingi za petroli. Mkokoteni haunywi petroli, na siku za kawaida hubeba maji, samadi, kuni, majani ya ng'ombe na mbolea ya kupandia.

Anza na ekseli

Anayetaka mkokoteni ana milango miwili. Anaweza kununua uliokwisha kuundwa, mpya au uliotumika. Anaweza pia kununua vipande mwenyewe na kumpelekea fundi wa jua kali Turbo, Lumakanda au Eldoret. Mlango wa pili unataka subira zaidi, lakini mnunuzi huona kila kitu kabla hakijafunikwa na rangi.

Kwa kawaida ekseli na magurudumu hutoka kwenye gari kuukuu lililokatwakatwa. Hiki ndicho kipande cha kuchagua kwa makini kuliko vyote, kwa sababu mbao na vyuma vingine vinaweza kubadilishwa baadaye, ila ekseli iliyopinda itaharibu tairi na kumchosha mnyama maisha yake yote.

Usinunue ekseli ikiwa imelazwa chini. Iinue juu ya magogo mawili hadi magurudumu yaning'inie. Shika tairi kwa mikono miwili, juu na chini, ulitikise. Likichezacheza, ama nati ya habu imelegea ama beringi imekwisha. Kisha lizungushe kwa nguvu na utege sikio. Beringi nzima huzunguka kwa mvumo laini, na gurudumu huchukua muda kabla ya kusimama. Beringi mbovu hukwaruza, na ukiweka kiganja juu ya ekseli utahisi mtetemo. Gurudumu likiwa bado linazunguka, simama mbele yake uangalie ukingo wa rimu dhidi ya kitu kilichotulia, kwa mfano kijiti ulichokichomeka ardhini. Rimu ikikikaribia na kukiacha, ikikaribia na kuacha, imepinda.

Beringi zikipita mtihani, fundi afungue habu, aoshe grisi kuukuu kwa mafuta ya taa, akaushe kabisa, kisha apake grisi mpya hadi iingie katikati ya vigololi. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai kazi hii, kwa kuwa huvuja na kuacha beringi kavu. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa mpaka lianze kuwa zito, hulegezwa kidogo tu, kisha hufungwa kwa pini ili isifunguke njiani. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na ikirudiwa kila mwaka kabla ya mavuno beringi zitadumu.

Kuna aina ya ekseli ya kuepuka. Ekseli ya nyuma ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huja na difu katikati, chuma kizito kisicho na kazi yoyote kwenye mkokoteni. Wauzaji huisifu kwa ugumu wake, na kweli ni ngumu, lakini uzito wake hulipiwa na mnyama kila hatua.

Fanya hesabu hii kabla ya kulipa. Kipimo kinachotumiwa na wengi wanaoshughulikia ustawi wa punda ni kwamba punda mwenye afya, kwenye njia nzuri iliyo tambarare, asivute zaidi ya mara mbili ya uzito wake, mkokoteni ukiwa ndani ya hesabu. Punda wa kilo 150 basi avute kilo 300. Mkokoteni ukiwa na kilo 100, zimebaki kilo 200, yaani magunia mawili na nafasi kidogo. Mkokoteni ukiwa na kilo 180 kwa sababu ya difu na vyuma vinene visivyohitajika, limebaki gunia moja. Njia ikiwa na tope au mlima, hesabu hushuka zaidi. Punda wawili waliofungwa vizuri hubeba takriban maradufu, na jozi ya maksai hubeba zaidi. Kila kilo ya chuma iliyoongezwa bila sababu ni kilo ya mahindi iliyoachwa shambani.

Mkono wa fundi

Fremu ya mkokoteni ni ya vyuma vyenye umbo la L au bomba za mraba. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, fundi apime mstatili kwa kamba kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Kisha apime umbali wa kila gurudumu kutoka mbele ya fremu. Ekseli iliyochomelewa ikiwa imekwenda upande hata kidogo itaufanya mkokoteni ukokotwe kimshazari, tairi moja ikalika upesi na mnyama akavutwa begani siku nzima.

Mafundi wengi hushikiza vyuma kwa nukta chache kwanza ili wavisawazishe. Hilo ni sawa, mradi nukta hizo zifuatwe na mshono kamili. Gonga maganda meusi ya mshono kwa nyundo yabanduke, kisha uangalie: mshono mzuri umeungana na vyuma vyote viwili bila matundu, mbaya umekaa juu kama nta iliyodondoka. Fundi makini pia hutoa beringi kabla ya kuchomelea ekseli, au angalau hubana waya wa kurudisha umeme karibu kabisa na mahali anapochomelea. Umeme ukipita ndani ya beringi huchoma vishimo vidogo kwenye vigololi, na beringi iliyokuwa nzima asubuhi huanza kukwaruza wiki chache baadaye bila mtu kujua kwa nini.

Sakafu ya mbao za mkaratusi ni imara na mti wenyewe unapatikana kwa wingi, ila mbao ziwe zimekauka, kwani mbichi hupinda na kung'oa misumari. Ni bora kuzifunga kwa bolti na nati kuliko misumari, kwa sababu siku moja zitahitaji kubadilishwa. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kabla ya rangi ya urembo, hasa kwenye mishono na chini ya fremu ambako samadi na tope hukaa.

Mizani ya mzigo

Marekani, mtu anayetaka kubeba mtumbwi wa michezo hadi ziwani hununua trela ndogo ikiwa vipande ndani ya kasha, akaiunga uani kwa spana. Maagizo yake husisitiza jambo moja: sehemu ndogo ya uzito, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15, ikae mbele kwenye kiungo cha gari, wala mzigo usizidi nyuma. Kanuni ya mizani haibadiliki ikiwa mvutaji ni mnyama, ingawa uzito unaomfaa punda ni mdogo kuliko ule.

Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, mikono miwili ya mkokoteni huinuka, na mkanda wa tumboni humkaba punda. Ukisogea mbele mno, uzito wote hulala mgongoni mwake. Kwa hiyo ekseli iwekwe karibu na katikati ya sakafu, na kabla ya kuchomelewa moja kwa moja mkokoteni upimwe ukiwa na mzigo. Pakia magunia mawili, mtu mmoja ashike ncha za mikono kwa kimo cha mgongo wa punda. Zikitaka kuruka juu, ekseli iko mbele mno. Irudishwe nyuma kidogo. Zikimlemea, iko nyuma mno. Inayofaa ni ile ambayo mtu huishikilia bila kujikaza, kama aliyeshika ndoo yenye maji nusu.

Hatamu pia zina fundi wake. Nira ya shingoni iliundwa kwa ajili ya ng'ombe wa zebu, mwenye nundu inayoizuia isiteleze. Punda hana nundu, na akivalishwa nira hiyo husukumwa pabaya na kuchubuka. Yeye huvuta kwa kifua, kupitia mkanda mpana uliofunikwa kwa turubai au blanketi nzee, uliokaa chini ya koo ili asizibwe pumzi. Kamba ya nailoni na kipande cha tairi visivyo na kitambaa hukata ngozi. Awe pia na mkanda wa nyuma unaozunguka mapaja, kwa sababu mkokoteni huu hauna breki: kwenye mteremko, huo mkanda ndio anaoukalia kuzuia mzigo usimpande. Bila huo, magunia humsukuma visigino, naye hupigwa kwa kukimbia wakati kosa ni la mwenye kamba.

Mwisho, bandika vipande vya kuakisi mwanga nyuma na ubavuni. Barabara kuu ya Eldoret hadi Malaba ina malori mchana na usiku, na mkokoteni mweusi jioni ya mavuno hauonekani hadi dereva awe amechelewa kukanyaga breki.

Chuma halali, mnyama adimu

Mambo mawili yamebadilisha biashara hii miaka ya karibuni. La kwanza ni chuma. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya milingoti na nyaya za umeme kuharibiwa na wezi. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo, lakini somo limebaki. Ekseli nyingi hupitia kwa wauza vyuma chakavu, basi nunua kwa muuzaji mwenye leseni na udai risiti. Chuma kilichong'olewa kwenye daraja au reli kinaweza kumpeleka mkulima mwaminifu kortini.

La pili ni punda mwenyewe. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 Kenya; ya 2019 ilihesabu karibu milioni 1.2. Katikati, vichinjio vya punda vilifunguliwa Mogotio, Naivasha, Turkana na Machakos ili kupeleka ngozi China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Utafiti wa KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, ulionyesha kuwa zaidi ya punda 300,000 walichinjwa kati ya 2016 na 2018, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Waziri wa Kilimo Peter Munya aliamuru vichinjio vifungwe mwaka 2020, mahakama ikabatilisha amri hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote.

Uamuzi huo unapaswa kulindwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa punda alifugwa kwanza Afrika Mashariki takriban miaka 7,000 iliyopita. Huyu ni mnyama wa nyumbani kwetu. Familia iliyoibiwa punda hupoteza usafiri wa maji, mavuno na mbolea kwa usiku mmoja. Na anayebaki naye ana wajibu kisheria: Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inafanya kosa kumpiga mnyama kikatili au kumbebesha kupita kiasi. Mkokoteni uliopimwa vizuri ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuitii.

Kazi ya kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti na udhibiti wa ustawi wa wanyama. Mambo haya matatu hukutana kwenye mkokoteni. Kaunti ya Kakamega ina uwezo wa kuagiza vyuo vyake vya ufundi viunde mkokoteni wa mfano: ekseli nyepesi, fremu iliyopimwa, mkanda wa kifua na wa nyuma, na uzito usiozidi kiwango kilichokubaliwa. Mwanafunzi wa kuchomelea angejifunza kwa kazi yenye mnunuzi, na fundi wa jua kali angepata mchoro wa kufuata bila kulipa. Afisa wa mifugo angefika chuoni siku moja kwa muhula kuonyesha jinsi hatamu zinavyofungwa.

Fedha za barabara nazo zipangwe kwa jicho la mkokoteni. Kalvati moja kwenye kijia kinachozama kila Aprili, wakati wa kupeleka mbolea shambani, inaweza kuwafaa wakulima wengi kuliko lami ya mita mia mbili mbele ya ofisi. Wakulima wa Mautuma wanaweza kudai hilo katika vikao vya ushirikishaji wa umma, ambavyo sheria inavitaka kabla ya bajeti kupitishwa, na wakadai kwa kutaja kijia kwa jina.

Kwa familia ambayo haiwezi kumudu mkokoteni peke yake, majirani wanne au watano wanaweza kuununua kwa chama. Waandike mapema nani ataulaza, nani atanunua grisi, zamu za mavuno zitaanzia kwa nani, na kwamba mnyama atapumzika siku moja kwa wiki. Mikokoteni mingi ya pamoja huvunjika kwa ugomvi kabla ya kuvunjika ekseli.

Agizeni kati ya Juni na Agosti, wakati mahindi yangali mabichi na mafundi hawajazidiwa na kazi. Lipeni malipo ya awali kwa ajili ya chuma, na mkae na salio. Siku ya kuchukua mkokoteni, nendeni na magunia na punda. Upakiwe kiwango chake kamili, uvutwe hadi barabarani na kurudi, kisha mkague shingo na kifua cha mnyama na mguse habu kwa kiganja. Habu zikiwa na joto kali, au ngozi ikiwa imechubuka, fundi arekebishe. Vikiwa salama, mlipeni salio lake pale pale bila kumzungusha, kwa sababu amestahili.